Meno ya Danja: shajara ya kusafisha kinywa cha mbwa wa ulinzi, Tororo

11 Januari 2025. Hali ilivyo kabla ya kuanza

Danja ni mbwa wa kienyeji, dume, umri wake ni kama miaka sita. Analinda ua ulio nyuma ya duka langu la vipuri, Tororo mjini, Uganda. Chakula chake ni cha mbwa wengi wa huku: posho (ugali) na mukene (dagaa), na siku ya soko makombo ya nyama. Harufu ya mdomo wake imefikia mahali ambapo akipiga miayo, wateja wanarudi nyuma. Kila ninayemuuliza anasema ni mukene. Mimi sikubali. Mukene hunuka mukene, na hii ni harufu ya kitu kilichooza.

Jaribio la kwanza halikunigharimu chochote. Nilimnusa asubuhi, tumbo tupu, bakuli likiwa limeoshwa tangu jana yake jioni. Harufu ilikuwa palepale. Kwa hiyo mukene ameachiwa huru, kwa dhamana.

Nikainua mdomo wa juu upande wa kushoto. Meno ya mbele hayana neno. Chonge zina mstari wa kahawia pale zinapoingia kwenye fizi. Huko nyuma kuna gego kubwa la juu, lile la kukatia nyama, na jino lenyewe halionekani kabisa: limevikwa ganda la kahawia lenye ukijani, gumu kama saruji ya kiwandani kwetu. Fizi juu yake ni nyekundu, tena imevimba ukingoni. Niliipitishia kitambaa kidogo tu, damu ikatoka.

Kwa anayetaka kufuata kazi hii: utando laini unaojengeka kwenye meno ya mbwa hugeuka ugaga mgumu ndani ya siku mbili tatu, kwa sababu madini yaliyo kwenye mate huuingia. Mate ya mbwa yana alikali zaidi kuliko yetu. Ndiyo maana meno yake hayatoboki ovyo kama ya watoto wanaokula peremende, lakini ugaga humjaa upesi. Mfereji mmoja wa mate humwagia karibu kabisa na lile gego la juu, na ndiyo sababu hapo huwa pachafu kuliko penginepo.

Sharti moja kabla mtu hajatia mkono mdomoni mwa mbwa yeyote: awe amechanjwa kichaa cha mbwa, na kadi ionekane. Danja anayo.

26 Januari. Mswaki umekataliwa

Nilinunua mswaki wa watu wazima, shilingi 1,500 za Uganda. Kichwa chake ni kikubwa mno kupita kati ya shavu na magego. Danja aliung'ata, akaondoka nao, nikaukuta umevunjika chini ya gari bovu. Nikachukua wa watoto, wenye nyuzi laini, 2,500. Huo unaingia, ila hataki hata kuuona.

Kilichokubalika ni kidole. Nilizungushia gozi ya duka la dawa, kile kitambaa cha kufungia vidonda (bunda zima 3,000), kwenye kidole cha shahada, nikaichovya kwenye mchuzi wa mukene usio na chumvi wala kitunguu, nikamwacha arambe. Siku chache kazi ilikuwa hiyo tu, kulamba na kusifiwa. Kisha kugusa mdomo kwa nje. Kisha kuinua mdomo na kuachia. Kisha kufuta chonge moja, basi, mpe posho yake. Ukitaka kumaliza kinywa chote siku ya kwanza utapata mbwa anayejificha kila akikuona na gozi, na wa kwangu alianza kujificha hata nikishika kitambaa cha kufutia vioo. Ilibidi kurudi nyuma hatua mbili.

Dawa ya meno ya nyumbani sikuitumia, na asiitumie mtu. Mbwa hajui kutema. Atameza povu na floraidi yote. Baadhi ya dawa hizo, pamoja na jojo zisizo na sukari, zina zailitoli, ile tamu-bandia ambayo jina lake kwenye pakiti huanza na herufi X. Sisi haitudhuru. Kwa mbwa hufanya kongosho limwage insulini kwa wingi, sukari ya damu ikaporomoka ndani ya saa moja, na ikizidi ini huharibika.

9 Februari. Kinachotoka na kisichotoka

Sasa anakaa. Nafuta nje ya meno tu, upande wa shavu, kwa sababu upande wa ndani ulimi wenyewe hufanya kazi kubwa. Gozi inatoka na utelezi wa manjano, na ukiinusa unaijua harufu ya mdomo inakotoka. Chonge zimeanza kung'aa, na fizi za mbele hazitoi damu tena.

Ganda la gegoni halijasogea hata kidogo, na halitasogea. Ugaga ukishakauka hautoki kwa mswaki, wala kwa gozi, wala kwa maji ya kunywa yaliyotiwa dawa. Hapa ndipo mitaa ilipoanza kunishauri. Mzee mmoja jirani alisema nisage mkaa, "kama tulivyokuwa tukifanya kijijini." Mwingine akasema magadi. Fundi wa pikipiki alijitolea kulikwangua kwa bisibisi ndogo.

Mkaa unasugua, ni kweli, lakini unakwaruza uso wa jino, na uso uliokwaruzwa hushika utando haraka zaidi. Magadi ni chumvichumvi nyingi ya kumezwa kila siku. Na bisibisi, hata kama Danja angekubali, ingeng'oa ganda linaloonekana na kuacha lililo chini ya fizi, ambalo ndilo linaloozesha. Mbwa angeonekana msafi huku anaendelea kuugua. Nimeona watu wakilipia huduma ya namna hiyo, kukwangua mbwa akiwa macho, na kurudi nyumbani wamefurahi.

2 Machi. Uvimbe chini ya jicho

Ijumaa Danja aliamka na uvimbe chini ya jicho la kushoto, mkubwa kama nusu ya limau, wa moto. Watoto wakasema nyuki, na mimi pia nilidhani nyuki. Tuna mzinga kwenye mwembe wa jirani. Aliitwa mtu wa dawa za mifugo wa hapa, akampiga sindano ya antibaotiki, 25,000. Uvimbe ukashuka, tukashukuru.

Umerudi. Palepale, ukubwa uleule. Sindano ya pili, 25,000 nyingine, naye akaniambia nisubiri. Sikusubiri. Nilimpiga picha Danja, jicho na gego vikionekana pamoja, nikaituma kwa kliniki moja ya Kampala niliyopewa namba yake na mteja. Daktari alipiga simu jioni ileile.

"Mama, huyu hakuumwa na nyuki. Mizizi ya lile gego la juu inaishia karibu na chini ya jicho. Jino likioza, usaha unatafuta njia, na njia yake ni hiyo. Anapenda kutafuna nini?"

"Mifupa, daktari. Na mulokoni, ile miguu ya ng'ombe, tukibakisha."

"Iliyopikwa?"

"Ndiyo, iliyopikwa."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza naweza kumfikisha lini.

Mfupa wa mguu wa ng'ombe na kwato ni vigumu mno kwa jino la mbwa. Akiuma kwa nguvu, bamba zima la gego hupasuka upande wa shavu na uwazi wa ndani ya jino hubaki wazi. Kwa Danja ufa ule ulikuwa umefunikwa na ugaga, ndiyo maana kuinua mdomo hakukutosha kuuona. Mifupa iliyopikwa ina ubaya wake wa pili: hukatika vipande vyenye ncha, vikachoma koo au utumbo. Mifupa yote imeondolewa uani leo.

16 Machi. Kampala

Kutoka Tororo ni zaidi ya kilomita 200, na hakuna taksi inayopakia mbwa wa ukubwa huu. Tulipanda pikapu ya jamaa aliyekuwa akienda kuchukua mzigo Katwe; nilichangia mafuta. Danja alinyimwa chakula tangu usiku kama tulivyoagizwa, ili asitapike akiwa chini ya dawa ya usingizi. Alilalamika hadi Iganga, kisha akalala.

Kwanza walipima damu: figo na ini. Daktari alinieleza kwamba harufu mbaya si lazima iwe ya meno. Figo zikishindwa, pumzi hunuka kama mkojo. Kisukari huleta harufu tamu ya ajabu. Tena mbwa mwenye figo mbovu hapewi usingizi kiholela. Vipimo vya Danja vilikuwa safi.

Nilichokiona kupitia dirisha la mlango: alilazwa, akatiwa mrija kooni wenye kifuko kinachojazwa hewa, ili maji na uchafu wa mdomoni visiingie mapafuni. Chombo cha kutikisa ugaga kililia kwa sauti nyembamba, na maganda yakawa yanaruka. Kipande kimoja alinionyesha baadaye kwenye kitambaa: upande wa nje kahawia, upande uliokuwa umelala kwenye fizi mweusi tititi, na kilinuka duka zima la samaki. Baada ya hapo akapima kila fizi kwa kijiti chenye alama za milimita, kisha akang'arisha meno yote, maana chombo kile huacha mikwaruzo midogo midogo na ukiiacha hivyo utando unarudi kwa kasi.

Gego la kushoto halikuokolewa. Lina mizizi mitatu, kwa hiyo hulikamati kwa koleo ukalivuta. Alilipasua vipande vitatu, kila kipande na mzizi wake, akatoa kimoja kimoja na kushona fizi. Chini ya mzizi mmoja usaha ulitoka kwa wingi. Mbwa mzima huwa na meno 42. Danja sasa ana 41, na daktari anasema hatalikumbuka.

Gharama za siku hiyo, kwa shilingi za Uganda: kumwona daktari 40,000, vipimo vya damu 80,000, usingizi, kusafisha na kung'arisha 280,000, kung'oa 120,000, dawa za maumivu na antibaotiki 45,000, mchango wa mafuta 100,000. Jumla 665,000. Ni fedha nyingi kwa mbwa, nimeambiwa hivyo na kila mtu aliyeziona risiti. Mlinzi wa usiku wa kampuni angezila kwa muda mfupi tu, tena yeye analala.

30 Machi. Kupona

Hakuna mengi. Posho laini, ya maji, bila kitu kigumu. Dawa za maumivu kwenye tonge. Kuosha mdomo kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.12 tuliyopewa na kliniki, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa shavu, wiki mbili. Usichukue ya watu yenye mnanaa na pombe. Hii nayo si ya kutumia mwaka mzima. Ikizoeleka huacha madoa ya kahawia kwenye meno, ukadhani ugaga umerudi.

Uvimbe umekwisha. Harufu pia, na hii niliiona siku ya pili tu.

27 Aprili. Dawa ya meno ya mbwa

Jamaa anayeendesha lori alinibebea kutoka Nairobi dawa ya meno ya mbwa yenye ladha ya kuku, karibu 45,000 kwa fedha zetu, akaivusha Malaba pamoja na vitu vyake. Ina vimeng'enya vinavyosaidia mate kupambana na bakteria, na imetengenezwa ili imezwe. Mswaki wa watoto uliokataliwa Januari sasa unakubalika: Danja anaujia mwenyewe. Nashika nyuzi zikiinama kuelekea kwenye fizi, nusu ya pembe mraba hivi, mizunguko midogo, upande mmoja kisha wa pili, nikianza na magego ya juu kabla subira yake haijaisha.

Kisha ikawa ile ya Alhamisi. Tyubu iliachwa juu ya ndoo, na asubuhi palikuwa na kifuniko tu, pamoja na kipande cha plastiki chenye picha ya kuku. Alikula yote. Aliharisha siku nzima, akanywa maji mengi, basi. Ingekuwa dawa ya watu yenye zailitoli tungekuwa tunachimba shimo. Tyubu ya pili, 45,000 nyingine, inakaa kwenye kabati la fedha.

Lakini zile siku za kungoja tyubu mpya zilinifundisha jambo lenye faida: tulisugua kwa mswaki na mchuzi wa mukene tu, na fizi hazikubadilika. Kinachosafisha ni kusugua. Dawa humfanya mbwa akubali kusuguliwa na huongeza kidogo. Asiye na 45,000 asikae akizingoja.

22 Juni. Kitu cha kutafuna

Mbwa aliyenyang'anywa mifupa atatafuta kingine. Danja alihamia kwenye matairi, kisha kwenye vijiti. Vijiti ni hatari. Kipande hukwama kaakaani kati ya magego ya pande mbili na mbwa anahangaika kwa makucha bila mtu kujua kwa nini. Watoto wakampa muwa. Aliupenda mno, na jioni nikatoa kwa kibano uzi wa muwa uliokuwa umejibana kati ya magego mawili hadi chini ya fizi. Sukari na nyuzi pamoja. Muwa umepigwa marufuku.

Kipimo alichonipa daktari ni kucha ya kidole gumba: ibonyeze kwenye kitu chenyewe. Ikiacha alama, kinafaa. Isipoacha, kinaweza kuvunja jino. Pembe, kwato, mfupa, vyote vimeanguka mtihani huo.

Kilichofaulu ni koo la ng'ombe, lile bomba la hewa, likikaushwa. Mwuza bucha alikuwa akilitupa. Sasa ananiuzia 2,000 moja, na ananicheka. Ila haligawiwi bichi. Mapafu na maini mabichi ya mifugo huweza kuwa na malengelenge ya tegu wa mbwa, na mbwa akiyala hutoa mayai ya tegu hao ambayo mtu akiyameza hupata uvimbe wa ini au mapafu. Kwa hiyo koo linakatwa mapafu yote, linapasuliwa, linachemshwa vizuri, ndipo linakaushwa. Dawa ya minyoo ya Danja inaendelea kwa ratiba yake.

Kukausha ndiko kulikonitesa. Mara ya kwanza niliyaanika kwenye mabati, nzi wakawahi kabla ya jua. Nikaweka chandarua kikuukuu juu. Kikagusa nyama, nzi wakataga mayai kupitia matundu. Kilichokubali ni kisanduku cha mbao kilichowambwa wavu wa madirisha pande zote, nyama ikining'inia kwenye waya katikati bila kugusa wavu, juu yake bati jeusi. Koo likatwe vipande vyembamba, na uanze asubuhi mapema siku ya jua. La kwanza lililonenepa lilikauka nje likabaki bichi ndani, likaota ukungu. Wavu, misumari na makoo ya majaribio: 20,000.

Anatafuna kipande kimoja mara mbili tatu kwa wiki, nikiwa karibu. Magego ya kulia yanaonekana safi zaidi tangu aanze. Upande wa kushoto, palipong'olewa, hatumii sana, na huko ndiko ninakosugua zaidi.

31 Agosti. Hesabu, na yaliyobaki

Hadi leo: miswaki na gozi 7,000, sindano za uvimbe 50,000, Kampala 665,000, tyubu mbili 90,000, kisanduku na makoo 20,000. Jumla 832,000. Ukiitazama hesabu hiyo vizuri, sehemu kubwa ni bei ya jino lililovunjwa na mifupa na ugaga ulioachwa miaka. Kazi ya kila siku yenyewe hainigharimu hata 10,000 kwa mwezi.

Gozi nimeiacha. Fulana ya pamba iliyochanika, ikikatwa vipande na kuchemshwa, inafanya kazi ileile siku ambazo mswaki hauingiliki. Kusugua ni kila jioni duka likifungwa; nikiruka siku moja hakuna neno, nikiruka tatu nauona ule mstari wa manjano unaanza kwenye chonge.

Mukene bado anakula, na baada ya kula hunuka mukene. Asubuhi hana harufu.

Kuna jambo ambalo sijalitatua: kwenye gego la juu la kulia, ukingo wa fizi umebaki mwekundu kwa upana wa punje ya mchele, nyuma kabisa, mahali mswaki wa watoto unapoishia. Nimeagiza mswaki wa mpini mrefu wenye kichwa kidogo zaidi. Daktari ameomba picha mwishoni mwa Septemba, na ataamua kama Danja arudi Kampala mwaka huu au Machi ijayo. Jirani mwenye mtoto wa mbwa wa miezi mitano naye ameanza gozi; chonge za utotoni hazijang'oka na za ukubwani zimeshachomoza kando yake, kwa hiyo nimemwambia ampeleke kwa daktari kabla hazijapindana. Nikipata habari ya yote mawili nitaongeza hapa.